Nilipobaki na Kuitikia

Ukitoka Mto wa Mbu ukapanda ule ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likabaki chini mkono wako wa kushoto, barabara inapita Rhotia kabla ya kuingia Karatu mjini. Nimeipita mara ambazo siwezi kuzihesabu, wageni nyuma, mizigo juu, nikiwahi geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Kwa miaka mingi ilikuwa kwangu barabara tu: mlima, kona, daraja, kona nyingine. Tangu Mei 2017 imebadilika. Kuna mahali kwenye korongo la Marera ambapo madereva wengi tunapunguza mwendo hata kama njia ni nyeupe. Wapo wanaofanya ishara ya msalaba. Wapo waliokuwa wanazungumza, wakanyamaza mpaka wavuke.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei mwaka ule, mvua ilikuwa inanyesha. Basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha, waliokuwa wanakuja Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao, liliacha njia likatumbukia korongoni. Walifariki watoto 32, walimu wawili na dereva wao. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Wanakijiji waliwakimbilia, na Wamarekani wa huduma moja ya Kikristo waliokuwa wakipita njia hiyo wakasimama kusaidia. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na mji mzima wa Arusha ukalia. Wale watatu walipelekwa Sioux City, Iowa, kutibiwa, wakarudi nyumbani mwezi Agosti.

Wiki chache baada ya ajali nilipita Marera nikiwa na wageni wawili, mume na mke, watu wazima wapole. Kiti cha mbele, kushoto kwangu, alikaa mpishi wetu. Ni Mwiraqw wa Mbulumbulu, amenizidi miaka kama 10, huniita mdogo wangu. Yule mama alikuwa amesoma habari za ajali, akaniuliza kama sisi watu wa hapa tunaamini kwamba Mungu ndiye aliyewaokoa wale watatu. Sikusita. Nikamjibu kwamba ndiyo, watu waliomba na Mungu akasikia, maana Mungu ni mwema. Lilinitoka jinsi mtu anavyoitikia "salama" kabla hajasikia vizuri ameulizwa nini. Mama yule aliridhika, nami nikaridhika kwamba nimemshuhudia Mungu mbele ya wageni. Mpishi alikuwa akitazama nje, upande wa mashamba.

Usiku ule tulilala kambi ya Simba, juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo baridi ya Juni huingia mpaka kwenye mifupa. Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Maganda yalikuwa yakimtoka membamba, marefu, yasiyokatika, kama ilivyo kawaida yake. Nikachukua kisu nikakaa kumsaidia. Tulimenya kwa muda mrefu, karai likajaa nusu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mdogo wangu, na sisi tuliomba." Akachukua kiazi kingine.

Hakuongeza neno. Na sikuhitaji kuuliza, kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa kwenye msiba wa mwanawe. Mtoto wa pili, alilazwa siku 11, akafariki alfajiri. Nilikwenda Mbulumbulu na wenzangu, tukapeleka rambirambi, na mimi ndiye niliyeombwa kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Nikasimama nikasema kazi ya Mungu haina makosa. Huwa tunasema hivyo sote. Nilisema kwa sauti nzuri, watu wakaitika "amina", nikakaa chini. Sikumbuki kama nilimtazama usoni yeye mwenyewe wakati nikisema.

Sisemi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Mimi ni nani hata niseme hivyo? Lakini nimekuja kuona, taratibu mno, kwamba yako maneno ambayo ni mali ya mfiwa. Yeye akiyasema, siku anayoweza kuyasema, yanakuwa imani. Mimi nikimwahi nikamsemea, siku mtoto yuko ndani ya sanduku, nakuwa nimemfunga mdomo. Nadhani ndivyo nilivyomfanyia rafiki yangu, na nikamrudia tena ndani ya gari pale Marera, safari hii kwa lugha ya kigeni.

Sentensi yake ilikaa nami. Na sisi tuliomba. Nilikuwa nikiendesha, naisikia. Nikaanza kuwafikiria wazazi wa wale 32. Lazima yupo mama aliyeamka usiku kuwasha jiko, akamfungia mwanawe chakula, akamshika kichwa akamwombea safari njema na mtihani mwepesi. Lazima walikuwa wengi. Kama nasema sala ndiyo iliyowatoa watatu, je, nasema nini juu ya sala ya mama huyo? Kwamba ilikuwa fupi? Kwamba aliomba huku akili iko kwenye chai? Niliona kwamba kila nilipomsifu Mungu kwa wale watatu kwa namna ile niliyoizoea, nilikuwa nawashtaki wazazi wa wale 32 bila kujua. Sikupata njia ya kutoka hapo. Mpaka leo sijaipata yote.

Ningependa kusema kwamba kuanzia usiku ule nilibadilika. Haikuwa hivyo. Kazi ilikuwa nyingi, msimu ukafuata msimu, nikaendelea kuomba kama zamani: Bwana nipe, Bwana asante. Mtu ambaye mambo yake yanakwenda huweza kuishi miaka na swali moja bila kuligusa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, na alikuwa hapo hapo Arusha. Nilikuwa na kundi lililobakiza siku tatu. Lilikatisha safari likakimbilia uwanja wa ndege. Mwezi uliofuata ndege za kimataifa zikasimamishwa. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5; mwaka ule walishuka mpaka 620,000 hivi. Ila sisi Karatu hatukuhitaji takwimu. Tuliona magari yamefunikwa maturubai uani. Tuliona maduka ya vinyago yamefungwa, na mama wauza ndizi wamekaa na ndizi zao mpaka zinageuka nyeusi. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilitupa likizo bila malipo, kwa simu, kwa maneno machache. Mimi nilikuwa na mkopo wa VICOBA niliopandishia nyumba mpaka usawa wa linta, na marejesho hayakuwa na likizo.

Nikaomba. Niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Zilipotangazwa siku tatu za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili, nilifunga siku zote tatu, maji tu jioni. Nikaweka nadhiri pia: anga likifunguliwa na wageni wakarudi kabla ya msimu wa Julai, nitatoa kanisani malipo ya safari yangu ya kwanza yote, pamoja na tipu. Nilimtajia Mungu mwezi. Wakati ule niliona hiyo ndiyo imani, kumwamini kiasi cha kumwekea tarehe. Leo nikiutazama mkataba ule naona mkopeshaji na mdaiwa, na sina hakika katika mawazo yangu nani alikuwa nani.

Tarehe 18 Mei anga lilifunguliwa. Nilipiga magoti sebuleni, mke wangu akaja akapiga magoti pembeni yangu. Nikawaambia majirani: mnaona? Juni ikapita. Julai ikaingia, mwezi ambao kwa kawaida ukifika Lodoare asubuhi unakuta foleni ya magari, na barabara ya Ngorongoro ilikuwa nyeupe kabisa. Anga lilikuwa wazi na hakuna aliyekuja. Mwishoni mwa mwezi ule nikaacha kuomba. Sikutangaza, sikukufuru. Nililala siku moja bila kuomba, ya pili ikafuata, na nikaona kwamba hakuna kilichoniuma zaidi ya kilichokuwa kinaniuma tayari.

Kitu kimoja tu sikuacha, na sikuacha kwa sababu ya aibu. Jumuiya yetu husali kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, na katika mtaa mdogo mtu asipofika watu huuliza. Kwa hiyo nilikwenda. Nilinawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni, nikaketi kwenye kiti cha nyuma. Ulipofika wakati wa kutoa nia, kila mmoja akitaja anachoombea, mimi nilinyamaza. Zamani nilikuwa wa kwanza, na kwa miezi minne kabla ya hapo nia yangu ilikuwa moja, wageni warudi. Sasa sikuwa na nia. Lakini mwingine akimaliza yake, jumuiya yote huitikia, na mdomo wangu ukaitikia pamoja nao kwa mazoea. Mama mmoja akamwombea mjukuu wake mwenye kifafa, nikaitikia. Kijana akaomba apate hata kibarua cha kupakua mahindi, nikaitikia. Mzee mmoja aliombea ng'ombe wake mmoja, akamtaja kwa rangi. Nikaitikia.

Sikuamini nilichokuwa nikisema, au niseme sikujua kama naamini. Ila niliona jambo ambalo kwa miaka yote ya kuwa wa kwanza kutoa nia sikuwahi kuliona: nilikuwa nawasikia. Kumbe nilipokuwa na nia yangu mkononi, nilikuwa nasubiri zamu yangu. Mjukuu wa yule mama alikuwa na kifafa kwa miaka sita. Miaka sita tumekaa naye chumba kimoja kila Jumamosi, na mimi nilikuwa nasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Mwezi wa Agosti mpishi akaja nyumbani. Alishuka kwenye pikipiki na gunia dogo la mahindi, akaliweka mlangoni bila maelezo, akakaa kwenye kigoda uani. Nilijiandaa kuambiwa nivumilie, Mungu yupo, kila jambo na wakati wake. Nilikuwa na majibu makali tayari. Hakusema hata neno moja la namna hiyo. Alikaa kuanzia saa nane mpaka jua lilipoanza kushuka. Tulizungumza juu ya bei ya ngwara, juu ya tembo waliotoka msituni wakaingia shamba la jirani yake, juu ya mtoto wake mkubwa aliyeanza kunyoa ndevu. Vipande virefu hatukuzungumza kitu. Alipoondoka nilimwambia mke wangu kwamba mtu huyu amekuja kukaa matanga. Sikuwa nimefiwa, lakini ndivyo alivyokaa. Nikakumbuka kwamba kwake mimi nilikwenda na hotuba.

Wiki iliyofuata alinipigia nikamsaidie kuvuna. Ngwara zikikauka zinapasuka shambani, hazisubiri mtu. Tuling'oa, tukakusanya kwenye turubai, tukapiga kwa fimbo mpaka mabega yakafa ganzi, kisha mkewe akapepeta, maganda yakaenda na upepo na mbegu zikabaki chini, nyeusi zenye kamstari keupe ubavuni. Mchana tulikaa kivulini kula. Akavua kofia akasali. Nilisubiri aombe bei nzuri. Alimwambia Mungu kwamba kona ya juu imeisha, ya chini bado. Kwamba mdogo wake yuko hapa leo. Kwamba leo ni Jumanne, na akataja jina la yule mtoto, akasema kwamba angekuwa ametimiza miaka tisa. Kisha akasema amina, akavaa kofia.

Nilimuuliza kama haombi kitu siku hizi. Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Naomba, tena sana," akasema. "Ila yule mtoto alipofariki nilikaa kama mwaka mzima sina cha kumwomba. Nikawa namweleza tu. Nilimweleza na ninavyomkasirikia." Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema aliogopa zaidi kumnyamazia.

Nami nikamweleza yangu, kwamba nimeacha, nimebaki na kuitikia wenzangu Jumamosi. Nilitegemea atasikitika. Akaniambia habari za slufay, ile sala ndefu ya Wairaqw ambayo mzee huisema kwa sauti mbele ya watu, akiomba mvua na afya na amani ya nchi, na watu humwitikia kipande kwa kipande. Baba yake aliijua. "Slufay ya mtu mmoja haipo," akasema. "Mzee anasema, lakini ni sisi tunaoitikia ndio tunaoisukuma iende. Kuitikia ni nusu ya sala, mdogo wangu. Wewe umeacha nusu moja tu."

Nimelifikiria neno hilo miaka kadhaa sasa. Nimelipima pia na yale niliyofundishwa katekisimu, na sioni ugomvi. Zaburi ya 88 ni malalamiko kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kushukuru, na bado imewekwa ndani ya kitabu cha sala pamoja na nyingine. Maana yake aliyeiweka alijua kwamba siku nyingine itabidi mtu asimame nayo mbele za Mungu. Na Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, akawaomba rafiki zake wakeshe naye, wakalala usingizi. Kikombe hakikumwepuka. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo kila Kwaresima bila kujiuliza kwa nini nadhani sala yangu mimi ina haki ya kujibiwa upesi kuliko ile.

Upande wetu wa kaskazini, ng'ambo ya nyanda za juu za Ngorongoro, uko Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ni volkano hai. Mwaka 2007 ilitapika moto na majivu, ikaendelea mpaka mwaka uliofuata. Na bado akina mama wa Kimaasai huenda kuomba chini yake, mvua na watoto. Zamani nilikuwa nawaeleza wageni jambo hilo kama kituko cha mila. Sasa nadhani watu waliozoea kusali wakiutazama mlima wa namna ile hawawezi kumwekea Mungu tarehe.

Wageni walirudi, kidogo kidogo, na kufikia 2022 magari yalikuwa yamejaa tena. Nilirudi kazini. Linta imebeba paa. Wapo walioniambia, unaona, Mungu amejibu maombi yako, na nilishukuru, nashukuru mpaka leo. Lakini siwezi kulisema kwa sauti ile ya zamani, kwa sababu mwenzangu niliyeanza naye udereva aliuza kiwanja chake 2021 na ndoa yake ikavunjika katika shida hiyo hiyo, na yeye aliomba kama mimi, tena ni mtu wa kufunga kila Ijumaa. Kuna siku nahisi nimeelewa kitu, na kuna siku ninapomwona amekaa kijiweni naona sijaelewa chochote. Nadhiri yangu niliitimiza, ingawa Julai ilikuwa imepita muda mrefu. Sikutaka Mungu ajue kwamba nilikuwa nahesabu siku, kana kwamba hajui.

Asubuhi za masika ukingo wa kreta hufunikwa na ukungu mzito kiasi kwamba huoni boneti ya gari lako mwenyewe. Wageni huogopa. Huwa nawasha taa, nashusha kioo pamoja na baridi yote ile, nazima redio, na naomba kila mtu anyamaze. Gari linalokuja mbele unalisikia kabla hujaliona. Hivyo tunakwenda, taratibu, mpaka Seneto, penye njia ya kuingia kretani, na tukianza kushuka ukungu unabaki juu na kreta inaonekana yote. Siku nyingine haionekani. Tunashuka hivyo hivyo.

Mwaka jana mgeni mwingine aliniuliza tena pale Marera, karibu kwa maneno yale yale, kama ni Mungu aliyewaokoa wale watatu. Mpishi hakuwepo; siku hizi hasafiri sana, magoti yanamsumbua. Nilikaa kimya mpaka tukavuka daraja. Nikamwambia sijui kujibu swali hilo bila kuwaumiza watu wengine, lakini ninalolijua ni kwamba asubuhi ile, mvua ikinyesha, watu wa Rhotia waliposikia kishindo waliacha walichokuwa wanafanya wakakimbia kushuka korongoni, na wageni kama yeye wakasimamisha gari wakashuka nao. Hakuniuliza tena. Sijui kama aliliona kuwa jibu.

Jumamosi hii zamu ya jumuiya ni nyumbani kwangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukiwa na nia, njoo nayo. Usipokuwa nayo, njoo ukae, utaitikia za wengine. Chai itakuwepo, na yule mama wa mjukuu amesema atakuja naye.